Tupeane uzoefu: sato wamejaa bwawani lakini hawakui

Wakuu, habari za baridi. Niko Mafinga. Bwawa langu ni mita 20 kwa 15, nilianza na vifaranga 600 wa sato. Juzi tumevuta kokoro, watu wanne tukalemewa, nikajua sasa mambo yamejibu. Kumbe wengi hawazidi kiganja! Nikashika mmoja, hata gramu 50 hafiki, akatema vifaranga mkononi mwangu, vijicho vyeusi vinachezacheza. Yaani mtoto ana watoto. Pumba na dagaa ninazonunua zinaishia huko. Mliopitia hili, mlifanyaje?

Mdau wa Tukuyu: Pole sana, mkuu. Mimi nilidhani wana njaa, nikaongeza chakula; ndio kwanza wakazidi kuzaana. Jike analea mayai mdomoni, kwa hiyo vifaranga wengi wanapona, na maji yakiwa na joto anarudia baada ya wiki 4 hadi 6. Kilichonisaidia ni kambale. Ila mara ya kwanza niliweka wakubwa, wakala hadi sato niliowategemea. Mara ya pili nikasubiri sato wanenepe, nikaweka kambale wadogo kuliko wao. Wakabaki kula vifaranga tu. Na uweke wavu mahali maji yanapotokea. Kambale anapumua hewa, usiku wa mvua anajivuta kwenye majani kama nyoka. Wangu wawili niliwakuta mahindini.

Dada wa Makambako: Kaka, bwawa likishafika hapo, likaushe. Mimi nilihangaika na ndoano mwaka mzima, hawapungui. Nikatoa maji yote, wadogo tukawakausha kwa moshi, waliobaki wakaliwa na kuku. Lakini niliacha dimbwi moja pale kwenye bomba, dogo kama beseni, na kutoka hapo bwawa likajaa tena. Safari ya pili nilimwaga chokaa kila penye unyevu. Usiwamwage mtoni, tafadhali, watawasumbua samaki wa asili.

Sasa nafuga madume tu. Mgeuze tumbo juu, paka wino wa bluu kidogo nyuma ya njia ya haja: ukihesabu pamoja na njia ya haja, dume ana matundu mawili, jike matatu. Inataka macho makali na subira, maana majike machache tu yakikupita umerudi kulekule.

Mdau wa Tukuyu: Na baridi ya Mafinga usiisahau. Maji yakiwa chini ya nyuzi 20 sato anadumaa hata wakiwa wachache.

Mwenye mada: Asanteni sana. Jumamosi nafungua bomba. Dada, chokaa uliweka kiasi gani, na bwawa lako lina ukubwa gani?