Vipindi 4 vya Kiswahili kwa wiki, Gredi ya 7: insha inaingia wapi?

MwalimuWaSaba
Walimu, hamjambo? Gredi ya 7 ina vipindi 4 vya Kiswahili kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Azimio la kazi, yaani mpango wa mafunzo ya muhula, linadai kusikiliza na kuzungumza, kusoma, sarufi na kuandika, kwa hivyo kila mada kuu inaambulia kipindi kimoja. Insha ndiyo inayoumia. Alhamisi kengele inalia wengi wakiwa bado kwenye utangulizi, na Ijumaa hakuna Kiswahili. Wanafunzi ni 52. Mnaipanga vipi wiki, na kusahihisha mnakumaliza saa ngapi?

KalamuNyekundu
Mwalimu, insha usiingoje Alhamisi, ianzie kwenye kipindi cha kusoma. Mkishamaliza kifungu cha ufahamu, dakika 10 za mwisho wataje wazo la kila aya kwa maneno matatu au manne. Hapo wameshaona mpangilio ulivyo. Wa insha yao wakauandike nyumbani, mistari 5 tu. Alhamisi: dakika 5 kukagua, 25 kuandika, 10 kusomeana wawili wawili. Asiye na mpangilio auandike papo hapo, darasa lisimsubiri.

Waombe aya 3, si kurasa 2. Ukidai kurasa, wanajaza tashbihi walizokariri, na hata kisa cha usiku utakikuta kina jua la utosi.

Kusahihisha: madaftari 52 kwa dakika 5 ni zaidi ya saa 4, na hakuna mwalimu mwenye saa hizo. Sahihisha aya moja kwa kila daftari, na usitangaze mapema ni ipi. Duara kwenye kosa la hijai, mstari chini ya kosa la sarufi, basi. Neno sahihi usiwaandikie, walitafute wenyewe.

Ngeli_na_Kalamu
Hiyo mistari ya chini ya makosa ndiyo somo lako la sarufi la wiki inayofuata. Kosa lisipoangukia mada ndogo iliyo kwenye azimio, lipe dakika 5 za mwanzo.

Utakayoyaona sana ni "kitabu yangu" na "viti zimevunjika". Ni mazoea ya mtaani, ambako i- na zi- hubeba kila kitu. Jedwali la ngeli ubaoni halisaidii: watalinakili kwa mwandiko mzuri na kukosea vilevile. Wape sentensi moja, "Kiti changu kipya kimeharibika", wabadilishe nomino peke yake: gari, mlango, ukuta, kisha wingi. Kila nomino inawalazimisha kupatanisha mara tatu. Watakwama kwenye "gari langu jipya" na "kuta zangu mpya", na hapo ndipo pa kutulia.

Kifaru, kijana na "rafiki yangu amefika" viwekee siku nyingine, maana kitenzi cha kiumbe hai huchukua a-. Ukivichanganya na ngeli ya KI-VI (kiti, viti) siku moja, utaletewa "kiti changu ameharibika".

ChakiMkononi
Imla mmeisahau! Dakika 8 mwanzoni mwa kipindi cha Jumatatu, maneno 10. Chagua yanayogongana: ng'oa na ngoma, dhambi na zamani, na vitenzi wanavyovitilia w bure, kama "kuchukuwa" na "kununuwa". Soma mara ya kwanza kwa kasi ya kawaida, ya pili polepole, ya tatu wakihakiki. Usilivute neno, maana ukilivuta umeshawatajia jibu.

Kuhusu kuzungumza, makundi ya watano watano ni 10 hivi. Kila kundi likichukua dakika 4 kuwasilisha, kipindi kimekwisha na hakuna aliyejadili. Wote wajadili dakika 15, wawasilishe makundi 4, mengine zamu yao wiki zijazo. Msemaji mteue wewe baada ya mjadala, la sivyo wawili watazungumza na watatu watachora pembeni mwa daftari.

MwalimuWaSaba
Asanteni sana. Na aliyekosa kipindi cha kusoma, Alhamisi aandike nini?

KalamuNyekundu
Mpe mpangilio wa mwenzake anayeketi naye, aandike aya ya katikati tu. Hiyo hiyo ndiyo utakayomsahihishia.