Kamera ziingie chumba cha polisi kesi za udhalilishaji zinapohojiwa?

BintiNgambo:
Asalaam alaykum. Jana usiku nimeiangalia ile filamu ya BBC ya 1982, polisi wa Thames Valley huko Uingereza wanamhoji mwanamke anayesema kabakwa. Askari wanaume, yeye peke yake. Wanamkatiza, wanamwambia anatunga, wanamchokonoa na maradhi yake ya akili ya zamani. Sikuwahi kusikia sauti ya mtu inavyopungua namna ile. Basi ilipooneshwa nchi nzima ilikuja juu, mpaka bungeni, na 1983 vituo vikapelekewa maelekezo mapya ya namna ya kuwahoji walalamikaji. Suala langu: kwetu Zanzibar kamera zingeruhusiwa? Mie nasema mlalamikaji afichwe, askari tuwaone.

MzeeWaBaraza:
Waalaykum salaam. Kamera za nini, mwanangu? Kesi zetu hazifii kwa polisi, zinafia ukumbini. Mtoto kaharibiwa, familia mbili zinakaa, kitu kidogo kinatoka, muhali, ile haya ya kumkatalia jamaa, unafanya kazi yake. Siku ya mahakama shahidi "kasafiri". Na khasa Pemba, huko usiseme, kila mtu ami wa mwenziwe.

MwanaWaWete:
"Khasa Pemba" umeipata wapi? Mie nimezaliwa Wete, nimesoma Wete. Nyinyi wa mjini likitokea Kikwajuni ni "tukio", likitokea Micheweni ni "Wapemba ndo walivyo". Leta ushahidi au futa.

Chumvi_ya_Mwera:
Mzee kateleza kidogo tu, usimshukie hivyo.

MwanaWaWete:
Hakuteleza. Kila mjadala lazima Pemba ipakwe.

DadaWodini:
Samahani nawakata. Nimefanya kazi hospitali miaka mingi. Utafiti wa ukatili kwa watoto wa 2009 ulihoji vijana wa Bara na wa hapa. Kwa Zanzibar, waliosema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18 walikuwa kama 6 katika kila 100 kwa wasichana, na kama 9 kwa wavulana. Wavulana wamezidi. Mtoto wa kiume nani anamleta hospitali? Naona hapa sote tunazungumza habari za wasichana tu.

MzeeWaBaraza:
Mwana wa Wete, mimi mke wangu wa Chake. Siwezi kuwachukia Wapemba, nala chakula chao kila siku.

MwanaWaWete:
Hahaha. Huo ndo ushahidi wenyewe? Anakupikia, basi ushakuwa mtaalamu wa kesi za kisiwa kizima?

Karani_Mstaafu:
Turudi kwenye mada. Filamu ya kuoneshwa watu ni jambo moja, kumrikodi mtoto anapohojiwa ni jambo jengine kabisa. Waingereza tangu miaka ya 1990 mwanzoni mtoto anahojiwa mara moja mbele ya kamera na mkanda unapokewa mahakamani kuwa ni ushahidi wake. Faida yake kubwa. Kwetu mtoto anamwambia mama, anamwambia sheha, yule kiongozi wa mtaa, anamwambia askari, anamwambia daktari, na mwisho hakimu. Mara ya tano akisahau rangi ya shati tu, wakili wa upande wa pili anafurahi. Mimi kamera ya namna hiyo naitaka leo. Ya BBC siitaki. Mji wetu mdogo, ufiche uso ufiche na sauti, mtu atamjua kwa mlango wa nyumba yao.

BintiNgambo:
Karani, hilo la mlango sikulifikiria. Lakini bila ya kuonekana hao askari watabadilika vipi? Wale wa Uingereza hawakujirekebisha kwa hiari, waliaibika.

KijanaMichenzani:
Polisi wenyewe wa Muungano, Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar. Utamuaibisha nani?

Chumvi_ya_Mwera:
Haya, keshakuja na Muungano. Ukurasa wa pili tu!

KijanaMichenzani:
Nimesema uongo?

Mama_Sabra:
Nyote mnaongea kama mnaangalia mpira. Mimi nilimpeleka mtoto wa dada yangu kituo kimoja, sikitaji. Askari wa zamu kauliza mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibwa: "Kafanywa nini?" Kwa sauti ile ile ya kuuliza simu aina gani. Mtoto ana miaka minane. Tukapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, tukatoka. Mnataka kamera, mie nilitaka mlango unaofungwa.

DadaWodini:
Pole sana dada. Ndiyo maana pale Mnazi Mmoja tangu 2011 kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na mshauri mahali pamoja. Watu wengi bado wanaanzia polisi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

MzeeWaBaraza:
Pole mama. Ila na wewe sema kweli, hakuna mtu wa familia aliyekuja kukwambia uiache?

Mama_Sabra:
Walikuja. Mjomba na mtu mzima mwengine wa mtaani. Na hatukuwa Pemba, tulikuwa Unguja, mjini, nyumba ya ghorofa.

MwanaWaWete:
Ahsante mama. Mzee, umesikia? MJINI.

MzeeWaBaraza:
Nimesikia. Lakini na mimi nilisema ukumbini, sikusema Pemba peke yake. Soma tena.

MwanaWaWete:
Ulisema "khasa"!

Karani_Mstaafu:
Mahakama maalumu ya kesi hizi ilianzishwa 2021, Unguja na Pemba. Nilitegemea mtu aulize mashahidi wanalindwa vipi wakishatoka pale. Naona tunapima nani mwenye muhali zaidi.

KijanaMichenzani:
Masheha ndo wa kurikodiwa, si polisi. Kesi ikifika kwa sheha ama inasonga mbele ama inakaa pale pale.

Chumvi_ya_Mwera:
Baba yangu alikuwa sheha. Chunga mdomo wako.

KijanaMichenzani:
Nimemtaja baba yako?

BintiNgambo:
Niliuliza kamera nikajibiwa Wete, Muungano na baba wa mtu. Mama Sabra, nitumie ujumbe wa faragha, kuna mwanasheria namjua hachukui pesa kwa kesi za watoto. DadaWodini, lile la wavulana nataka ulifungulie mada yake, hapa limezama.

MwanaWaWete:
Lifunguliwe. Mzee bado hajafuta.