Kiredio cha flashi kwenye Boxer: nichukue umeme wapi?

BodaMbale
Wakuu habari. Nataka kufunga kiredio cha flashi kwenye usukani wa Bajaj Boxer. Kina spika ndani na kinachajiwa kwa 5V kama simu. Kwa sasa kimefungwa kwa mpira wa tyubu. Kwenye murram nyimbo zinakatikakatika, na chaji haifiki jioni. Umeme nichukue wapi, na kishikilio kipi hakilegei?

FundiWaya
Nyimbo zinakatika kwa sababu ya flashi. Ikiwa ndefu, kila mtikisiko unaisukuma juu na chini mpaka lehemu ya tundu inaachia. Weka kadi ya memori, au flashi fupi kama ukucha, na uibane kwa tepu.

Umeme: fungua taa ya mbele, nyaya nyingi zinakutana humo. Injini ikiwa imezimwa, tafuta kwa taa ya kupimia waya unaowasha funguo ikiwa ON na kuzima ikiwa OFF. Wa honi au wa taa ya breki unafaa. Waya wa taa kubwa uache: kwenye pikipiki nyingi ndogo unatoka moja kwa moja kwenye koili ya kuzalisha umeme ukiwa AC (umeme unaogeuka mwelekeo), utaunguza chaja. Weka fyuzi ya 2A karibu kabisa na pale ulipounga, siyo mwisho wa waya. Kisha kigeuzi cha 12V kwenda 5V, 2A, kinachovumilia hadi 24V, maana injini ikizunguka umeme unapita 14V. Hasi ipeleke kwenye waya wa hasi, usiifunge kwenye usukani. Kule kuna grisi na rangi.

Kabla ya kukaza chochote, zungusha usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Waya ukivutika, siku moja utakatika hapo shingoni.

SpeaKatwe
Bomba la usukani ni mm 22. Kishikilio kiwe cha chuma, chini yake kipande cha tyubu, nati iwe ya nailoni ndani. Nati ya kawaida hufunguka yenyewe kwa mtikisiko. Tundu la chaji litazame chini, mvua isiingie. Wale wanaofunika kiredio kwa kaveera (mfuko wa plastiki) mchana kutwa wanaipika betri ya ndani, mimi siwaelewi.

BodaMbale
Asanteni sana. Nikiongeza spika ya nje ya 12V je?

FundiWaya
Yawezekana, ila ukiunganisha kiredio na spika kwa waya huku vyote vikila umeme wa pikipiki, utasikia mlio unaopanda na resi. Chomoa chaja: mlio ukikoma, tatizo ni hasi mbili kuzungukana, yaani hasi ya kiredio na ya spika zinakutana kwa njia mbili, waya wa sauti na waya wa umeme. Tumia bluetooth. Spika ya wati 10 pamoja na chaja ni karibu 2A, hivyo fyuzi iwe 3A. Na siteji, injini ikiwa imezimwa, usipige muziki saa nzima nzima. Betri ya 5Ah ikivutwa 1.5A, baada ya saa 2 imebaki chini ya nusu, na stata itagoma.

SpeaKatwe
Sauti iwe ya kukuwezesha kusikia honi ya lori nyuma yako.