Naomba ushauri: nataka kuuza bima ya maisha kwa wanachama wa SACCOS, nianzie wapi?

Kihonda_Mkopo
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni afisa mikopo kwenye SACCOS ya walimu, Morogoro. Nafikiria kuwa wakala wa bima ya maisha, na wateja wa kwanza wawe wanachama wetu na wa SACCOS jirani. Leseni inapatikanaje, nianze na bima ipi, na kipato kikoje? Matangazo ya kujiunga nayaona kila siku, ila nahitaji maelezo ya wanaoijua kazi.

MtunzaDaftari
Karibu mkuu. Kwanza tenganisha bima mbili ambazo mawakala wapya huzichanganya.

Bima ya mikopo ni ya kundi. Mwenye mkataba ni SACCOS, si mwanachama. Mwanachama akifariki, na kwa mikataba mingi akipata ulemavu wa kudumu, kampuni inalipa salio la mkopo. Mkataba ni wa mwaka mmoja na unahuishwa. Bima ya mtu binafsi ni jambo jingine: mwanachama anasaini mwenyewe, anachagua kiasi na wanufaika, analipa miaka 10, 15 au zaidi.

Piga hesabu ya mfano. SACCOS ina mikopo ya shilingi milioni 400 mikononi mwa wanachama, kampuni inatoza shilingi 5 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Ada ni milioni 2. Kamisheni ikiwa asilimia 10, unapata 200,000 kwa mwaka mzima, bado kodi ya zuio. Hutaishi kwa hiyo. Ila ndiyo mlango: madai yakilipwa vizuri hapo, wanachama watakusikiliza ukija na bima ya mtu binafsi. Yakisumbua, SACCOS zote za wilaya zitajua kabla hujafika.

Kigoda_cha_Bodi
Kuhusu leseni: unasoma kozi ya COP (cheti cha umahiri wa bima) na kufaulu mtihani, unapata kampuni ya kukupa mkataba wa uwakala, kisha ombi linakwenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Usipokee hata shilingi ya mtu kabla leseni haijatoka. Na hakikisha kampuni imesajiliwa kwa bima ya maisha, maana nyingi nchini zimesajiliwa kwa bima za kawaida tu: magari, moto, mizigo.

Sasa jambo zito zaidi. Wewe ni afisa mikopo. Mwalimu aliyekaa mbele yako akisubiri mkopo wa ada ya mtoto hawezi kukukatalia bima, hata kama haitaki. Kuna mgongano wa maslahi hapo, na kamati ya usimamizi ina haki ya kukuhoji. Ama uache kazi ya mikopo, ama uuze kwenye SACCOS nyingine na uiandikie bodi yako barua ya kutamka maslahi. Orodha ya wanachama yenye namba za simu na mishahara nayo si mali yako. Kuitumia kutafuta wateja bila ridhaa yao ni kuvunja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ukienda SACCOS nyingine usianze na wanachama. Anza na meneja, akupeleke bodi. Ada ya bima ya mikopo inapaswa kuonekana kwenye makisio yanayopitishwa na mkutano mkuu, kwa hiyo fika miezi miwili au mitatu kabla. Ukifika baada ya mkutano, utaambiwa usubiri mwakani.

Bi_Salio
Niongeze kwenye bima ya mikopo, maana hapo ndipo familia zinaumia.

Kazi yote iko kwenye orodha. Kila mwezi SACCOS inatakiwa kuipelekea kampuni orodha ya wakopaji: jina kama lilivyo NIDA, tarehe ya kuzaliwa, kiasi, tarehe ya mkopo, muda, salio. Makosa yanayojirudia ni haya. Mwanachama anachukua mkopo wa nyongeza wa milioni 4 juu ya salio la milioni 3, orodha inabaki na milioni 3 za zamani. Akifariki, kampuni inalipa milioni 3 na wadhamini wanabebeshwa zilizobaki. Au SACCOS inamkata mwanachama ada ya bima siku ya mkopo, lakini fedha inazungushwa kwenye mikopo mingine na haifiki kwa kampuni. Mwanachama anaamini ana kinga, kumbe hana! Kila mwezi linganisha jumla ya makato na stakabadhi ya kampuni, usikubali maneno matupu.

Pia uliza mapema kiwango cha mkopo kisichohitaji vipimo vya afya. Kikiwa milioni 20 na mtu ameomba 35, ajaze tamko la afya na apimwe KABLA fedha haijatoka. Zikitoka kwanza, kampuni inaweza kuikataa ile ziada ya milioni 15. Uliza pia ukomo wa umri, kwa sababu wastaafu wengi wanaendelea kuwa wanachama na kukopa.

Na tafadhali, usimjazie mtu tamko la afya. Mwenye kisukari anayetumia dawa akiandikiwa "hana ugonjwa" ili fomu ipite haraka, wakala amekula kamisheni na mjane atakataliwa madai.

Kihonda_Mkopo
Asanteni sana, hili la mgongano sikuwa nimelipima. Swali: wanachama wanasema tayari wanakatwa mfuko wa rambirambi, kwa nini waongeze?

MtunzaDaftari
Usiukashifu mfuko wao, unafanya kazi yake: sanda, jeneza, usafiri, chakula cha msibani. Lakini haulipi deni. Waulize wadhamini waliomo ukumbini: mliyemdhamini akifariki leo akiwa na salio la milioni 6, ninyi watatu mtakatwa kiasi gani kila mmoja? Milioni 2. Swali hilo linaeleweka kuliko kipeperushi chochote.

Wakiwepo Waislamu wanaoogopa riba, usibishane nao dini. Waeleze kwamba kuna takaful nchini, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, na wana haki ya kuichagua.

Bi_Salio
Kwa bima ya mtu binafsi, angalia hati ya mshahara kwanza. Mtumishi anapaswa kubakiwa na theluthi moja ya mshahara. Mwenye 900,000 lazima abaki na 300,000. Kama makato yake yameshafika 590,000, bima ya 30,000 haitaingia kwenye makato hata akisaini kwa furaha. Wakala anahesabu ameuza, mwezi wa pili hakuna malipo, muda wa nyongeza wa kulipa unaisha, kwa kawaida siku 30, na bima inakufa. Kampuni nyingi hukudai urudishe kamisheni bima ikifa mapema. Mwambie pia bila kificho kwamba akivunja bima ya akiba (ile inayochanganya kinga na akiba) miaka ya mwanzo anaweza asirudishiwe kitu, au arudishiwe kidogo kuliko alicholipa. Anayetaka fedha baada ya miaka miwili, mwache aweke akiba kwenye SACCOS.

Kigoda_cha_Bodi
Msiba ukitokea, toa taarifa kwa maandishi wiki hiyohiyo, nyaraka zifuate: cheti cha kifo cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), taarifa ya daktari, ripoti ya polisi kama ni ajali, fomu na mkataba wa mkopo, taarifa ya marejesho hadi tarehe ya kifo. Cheti ndicho huchelewa, na sababu kubwa ni majina kutofautiana na ya NIDA. Kwa hiyo rekebisha majina siku mtu anapojiunga, angali hai na anaweza kusaini mwenyewe. Madai yakikwama bila sababu ya kueleweka, ielekeze familia kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hata kama kampuni inayolalamikiwa ndiyo inayokulipa kamisheni.