Berlin 1948: kwa nini Stalin hakufunga na anga?

Mwalimu_Chumbageni: Wadau, habari za jioni. Kidato cha sita hapa Tanga wamenibana. Juni 24, 1948 Warusi walifunga barabara, reli na njia za maji za kuingia Berlin Magharibi, sehemu ya mji iliyoshikwa na Marekani, Uingereza na Ufaransa katikati ya eneo la Warusi. Anga wakaiacha kwa nini? Na mji wa watu zaidi ya milioni 2 unalishwaje kwa ndege?

Bin_Pangani: Anga ilikuwa na karatasi, mwalimu. Novemba 1945 wakubwa wanne (Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi) walikubaliana kwa maandishi njia tatu za ndege, kila moja upana wa kilomita 32 hivi. Barabara na reli hazikuandikiwa mkataba kama huo. Kutungua ndege ndani ya njia mliyoipitisha wenyewe ni kuanzisha vita, na Stalin hakuitaka. Tena aliamini baridi ingewashinda nchi za Magharibi.

Foleni_Kwanza: Hesabu ya mwanzo ya mahitaji ya mji ilikuwa tani 4,500 kwa siku. Ndege za mizigo za Kimarekani: C-47 hubeba kama tani 3, C-54 kama 10. Sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa makaa ya mawe, si chakula. Lakini balaa lilikuwa foleni. Agosti 13, 1948, mawingu yakiwa chini na mvua inapiga, ndege zilirundikana zikizunguka juu ya Tempelhof, uwanja wa ndege wa Berlin Magharibi. Moja ikapitiliza uwanja ikaungua, iliyoifuata ikapasua matairi kwa kuikwepa. Jenerali Tunner, Mmarekani aliyesimamia safari hizo, akapiga marufuku kuzunguka: ukikosa kutua mara moja, unarudi na mzigo wako ulikotoka. Kuingia ni kwa njia ya kaskazini na ya kusini, kutoka ni ya kati. Hapo ndipo mambo yaliponyooka, nathubutu kusema kuliko kwa ushujaa wowote.

Mvuja_Chumvi: Msisahau chumvi. Ikimwagika kwenye ndege ya kawaida hupenya sakafuni ikala nyaya za usukani. Waliopo kwenye mashamba ya chumvi huku wanajua inavyoifanya misumari. Waingereza wakatumia Sunderland, ndege za kutua majini: bodi limekingwa dhidi ya maji ya bahari, nyaya zinapita juu. Zilitua mto Havel. Desemba, kwa hofu ya barafu, kazi ikahamia kwa ndege za Halifax zenye kasha chini ya tumbo.

Mwalimu_Chumbageni: Ahsanteni sana. Na ukuta, ulijengwa wakati huohuo?

Bin_Pangani: Hapana, na hapo wengi hupoteza alama. Kizuizi kiliondolewa Mei 12, 1949. Ukuta ni Agosti 13, 1961, na sababu yake nyingine kabisa: Wajerumani Mashariki walikuwa wanakimbilia Magharibi kupitia Berlin.