Naomba ushauri: mzee anakunywa bangi iliyolowekwa kwenye waragi (pombe kali)

Habarini ndugu zangu, niko Arua. Mzee wangu anasumbuliwa na magoti, jirani kampa kichupa cha bangi iliyolowekwa kwenye waragi, kijani kibichi hadi inanata mdomoni mwa chupa, anapiga kijiko usiku. Shida ni kwamba ukimeza kitu kama hiki kinaweza kuchukua hata saa moja au mbili kukolea, yeye akiona kimya anaongeza kingine, na juu ya hapo yuko kwenye warfarini ya kuzuia damu kuganda ambayo haipatani na bangi wala pombe! Tena waragi yenyewe ya kienyeji, methanoli, ile pombe yenye sumu, nani kaipima? Dokta nimwambieje bila kumtia mzee matatani, maana bangi hapa Uganda ni kosa?? Na mzee mwenyewe naanzaje kumwambia aache?