Kigelegele cha mama kwenye wimbo wa Utukufu, ndani ya misa, kimekatazwa. Kwenu mnafanyaje?

Sauti_ya_Pili:
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango chetu, kanisa dogo lililo chini ya parokia, huku kwetu Ruvuma, mwaka wa 11 sasa. Mama yangu ana miaka 74, na kila Jumapili Utukufu ukianza hupiga kigelegele. Si kirefu. Anaweka kiganja mdomoni, ulimi unacheza, sauti inapaa hadi kwenye mabati, na akina mama wa upande wa kushoto wanamwitikia. Hapo ndipo kayamba zinaingia. Wanakwaya tumezoea kumsubiri yeye kuliko kinanda.

Wiki 3 zilizopita likasomwa tangazo: vigelegele, makofi na kucheza visitishwe ndani ya misa, maana kanisa limekuwa kama ukumbi wa harusi. Jumapili iliyofuata mama alikaa mikono mapajani. Tuliimba Utukufu mzima bila kukosea noti hata moja, nami nikatoka nimechoka kama mtu aliyetoka msibani. Nyumbani akaniuliza, "Mwanangu, kwani miaka yote hii nilikuwa namkosea Mungu?" Sikuwa na la kumjibu.

Kweli, mengine yalizidi. Watu walikuwa wanakuja kuitunza kwaya kwa noti za fedha wakati wenzao wamepanga foleni ya komunyo, simu zimeinuliwa juu. Hilo liliniuma hata mimi. Lakini lazima vyote viondoke pamoja? Kwenu furaha ya waamini inaonekanaje, na mpaka mmeuweka wapi?

Katekista_Mstaafu:
Milele amina, mwanangu. Mwambie mama hakumkosea Mungu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kuhusu liturujia, yaani ibada ya Kanisa, ya Desemba 1963, namba 30, inataka waamini washiriki kwa kuitikia, kwa nyimbo, kwa vitendo na mikao ya mwili. Papo hapo inataka pia ukimya mtakatifu kwa wakati wake. Mimi nilitumikia altare utotoni kwa Kilatini, ngoma zikiachwa nje. Siku ngoma ya kwanza ilipoingia ndani niliona wazee wanalia.

Sisi tulikubaliana hivi: Utukufu, matoleo na shukrani baada ya komunyo, kigelegele ruksa. Kengele ya mageuzo ikilia, pale mkate na divai vinapogeuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, kimya kabisa. Msibishane kwenye makundi ya simu. Nendeni kwa paroko kupitia kamati ya liturujia.

Mlutheri_wa_Machame:
Bwana Yesu asifiwe. Sisi Walutheri wa KKKT kwenye nyimbo za kitabu hata kichwa hakitikisiki, mgeni anaweza kudhani tumenuna. Ila njoo siku ya mavuno, mnada ukianza pale nje. Mtu ananunua mkungu wa ndizi, analipa, anaurudisha unadiwe tena. Mwaka jana mzee mmoja aliununua mkungu ule ule mara 3, machozi yanamtoka, kwa sababu mkewe alikuwa ametoka hospitali. Hakusema neno. Usharika wote ulimwelewa.

Mama_Lubumbashi:
Jambo kwenu wote. Huku Kongo, Roma ilikubali misale, kitabu cha misa, ya majimbo ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo, mwaka 1988. Kwenye Utukufu padre na watumishi wanacheza kuzunguka altare, nasi tunacheza pale tulipo. Injili tunaisikiliza tumekaa, sawa watu wanaomsikiliza mukubwa wao. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliongoza misa hiyo ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro, pamoja na Wakongomani wanaoishi kule. Lakini hatua zinafundishwa, mutu hachezi vile anapenda.

Sauti_ya_Pili:
Asanteni sana, nimelia kidogo nikisoma. Nimemsomea mama namba 30 mara 2. Akauliza, "Na ukimya umeandikwa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi kwenye mageuzo nitanyamaza. Kwenye Utukufu waniache."

Jumamosi kamati ya liturujia inakaa, nimeomba dakika 10. Nitaomba Utukufu na matoleo tu, na habari ya kutunza kwaya kwa fedha nitaomba mwenyewe ikome. Mama Lubumbashi, hizo hatua mnawafundisha watu siku gani, na nani anafundisha? Nataka tuanze na watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani.